Simba Aliyesogea Hatua Moja

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimeibiwa lori zima la simiti mchana kweupe, dereva wangu mwenyewe akiwa ndani, na sikupandisha sauti. Nimenunua shamba moja mara mbili, kwa ndugu wawili wasiosalimiana, na bado nikapata faida. Shule niliacha darasa la saba, lakini leo niko na maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, malori manne ya mchanga, na nyumba za kupangisha pale Mumbuni ambapo mwalimu wangu wa hesabu aliwahi kuwa mpangaji. Nilimpunguzia kodi, ili ajue mimi si mtu wa kinyongo. Watu wananiita injinia na mimi sijawahi kuwakatiza. Kwa hivyo nilipoalikwa kuwa mgeni wa heshima siku ya wazazi katika shule ya binti yangu wa mwisho, nilienda kama ninavyoenda kila mahali, nikijua yote yatakayosemwa kabla hayajasemwa.

Nilikuwa nimewanunulia watoto mbao za chesi. Siku hizi shule zote zinataka chesi. Mwalimu akafungua katoni mbele ya wazazi, akatoa seti moja ya mti, ya kuchongwa kwa mkono, na kabla sijaona chochote nikapigwa na harufu. Rangi ya viatu. Nyeusi, ile ya kopo la bati. Nyinyi wa rika langu mliokulia karibu na wachongaji mnaijua: mjakaranda mweupe unapakwa rangi ya viatu, unasuguliwa kwa kitambaa, na mtalii ananunua akidhani ni mpingo. Mikono yangu ya utotoni ilinuka hivyo hata kanisani.

Nikasimama nikawapa ile hadithi yangu. Nimeitoa katika harambee zaidi ya ninazoweza kukumbuka, na haijawahi kuniangusha. Kwamba nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na tatu, suruali imetoboka matakoni, nilicheza chesi na Mzee Nzuki, mtu ambaye hakuna mkubwa wala mdogo aliyewahi kumzuia, na nikamshika. Sare. Mimi na yeye, kila mtu amebaki na simba wake mmoja. Na hapo, huwa namalizia, ndipo nilipojua kwamba kichwa hakipewi mtu na shule. Wazazi walipiga makofi. Binti yangu aliangalia chini, kama watoto wanavyofanya baba zao wakisifiwa.

Baada ya chakula mama mmoja wa umri wangu alinifuata hadi kwenye gari, ameshika mkono wa mjukuu. Akanisalimia kwa adabu, akaniambia anaitwa Mwende, na yule Mzee Nzuki niliyemtaja ni baba yake.

Nikamwambia pole kwa msiba, ingawa ni wa miaka mingi.

"Msiba gani?" akasema. "Baba yuko nyumbani Ekalakala. Na kila siku anakuombea."

Hiyo ndiyo siku nilishangaa. Wacha sasa nisimulie jinsi mambo yalivyokuwa, si vile nimekuwa nikiyasimulia.

Sokoni Kola kulikuwa na banda la wachongaji, mabati juu na magogo ya kukalia chini, na vumbi la mti limefunika kila kitu hadi buibui walikuwa weupe. Walikuwa wanaume kumi hivi, na kila mmoja alikuwa na mnyama wake. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi pale. Mtu alianza na mnyama mmoja akiwa kijana na akachonga huyo huyo hadi macho yaishe. Baba yangu alikuwa mtu wa ndovu. Hangeweza kukuchongea mbuzi hata ukimlipa. Alisema mkono wake haujui. Ukimpa kipande cha mti na macho yamefungwa, kabla chai haijapoa umepata ndovu, na pembe zake. Kulikuwa na mtu wa twiga, mtu wa punda milia, mtu wa chui, na wale wasiokuwa na mkono mzuri walichonga kanga, kwa sababu kanga ni mviringo tu na kichwa kidogo.

Wakati huo mnunuzi kutoka Nairobi alikuwa ameleta oda ya chesi ya wanyama. Mfalme awe simba, malkia chui, ngome ndovu, halafu twiga na punda milia, na wale askari wadogo wanane wa mbele wawe kanga. Hakuna mtu pale bandani aliyekuwa amewahi kuona chesi ikichezwa. Walichonga kama walivyozoea, kila mtu mnyama wake, wakilipwa kwa kichwa, na mtu wa simba alikuwa na mkono wa haraka. Katoni ya kwanza ilienda ng'ambo na simba sita na hakuna chui. Ikarudishwa. Wazee walikasirika sana. Walisema huyo Mzungu ameongezewa simba bure na bado analalamika.

Ndipo alipoletwa Mzee Nzuki awe karani. Alikuwa ametunza stoo ya misheni miaka mingi, na padri mmoja mgonjwa aliyekuwa hana wa kucheza naye akamfundisha. Kazi yake ilikuwa kukagua kila seti kabla ya kufungwa, wanyama thelathini na wawili, weusi kumi na sita na weupe kumi na sita, halafu kuandika na kufunga stoo kwa funguo alizozitundika kwenye mkanda. Hakuhesabu kwa kidole. Alipitisha mkono juu ya katoni kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe, akasema "hapa hakuna twiga mweupe mmoja," na kweli hayupo. Tangu aje, hakuna katoni iliyorudi.

Mimi nilikuwa mtu wa msasa na rangi. Jioni baada ya shule na Jumamosi kutwa, nilisugua na kupaka. Na wakati wa chakula cha mchana Mzee Nzuki alichukua kipande cha plaiwudi kilichochorwa miraba kwa mkaa, akapanga wale wanyama waliokataliwa, wenye masikio yaliyokatika, na akawafundisha wachongaji kile wanachochonga. Ilikuwa kazi ngumu. Baba alikataa kabisa kwamba kanga anaweza kumla ndovu. Alisema huo mchezo ulitungwa na watu ambao hawajawahi kuona ndovu. Lakini alikaa akaangalia kila siku, na mimi nikakaa kando yake, na baada ya muda mimi ndiye nilikuwa nacheza.

Nilikuwa mzuri. Hilo sitalikana, hata leo. Wachongaji wote niliwapiga hadi wakaacha kucheza na mimi. Lakini Mzee Nzuki sikuwahi kumpata. Alikuwa anaona ubao kama mimi ninavyoona mfuko wa simiti uliopunguzwa. Angetoka kwenda kujisaidia, wazee wakimtania kwamba watahamisha wanyama, na angerudi akasema bila kuketi kila mmoja anakaa wapi.

Kulikuwa na jambo alilolisema mara nyingi, na mimi nikalielewa vibaya, na hapo ndipo maneno yote haya yanapoanzia. Alikuwa na ndugu mkubwa, naye alikuwa karani, ambaye kichwa chake kilianza kupoteza vitu. Kwanza majina, halafu njia. Siku moja alitoka kununua chumvi, akapatikana baada ya siku nne kando ya reli, hajui yeye ni nani, na viatu hana. Alikuwa bado hajafika miaka sitini. Mzee Nzuki aliogopa jambo hilo kuliko kifo. Ndiyo maana alicheza kila siku. Alikuwa anajipima, kama mtu mwenye presha anavyojipima. Na alisema, akipigapiga funguo kwenye mkanda wake: "Siku huu ubao utanidanganya hata mara moja, hizi funguo naziweka mezani na naenda nyumbani. Sitangoja niharibu kazi ya watu."

Watu wazima walielewa. Mimi nilisikia kitu kingine. Nilidhani ni dau. Nilidhani zile funguo ni kama kombe, kwamba mtu atakayemzuia Mzee Nzuki ubaoni atawekewa funguo mezani na kuwa karani. Na nilizitaka, si kwa ajili yangu. Baba alikuwa anakohoa. Vumbi la mti lilikuwa limeingia kifuani, na usiku tulisikia kifua chake kikilia kama mlango. Karani hakukaa kwenye vumbi. Karani alikaa stoo, akivaa shati. Nikajiambia nitampatia baba hizo funguo.

Na Mzee Nzuki nilimwona mzee sana, mtu wa kuondoka wakati wowote, hana hasara. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Ndiyo miaka niliyo nayo leo, na juzi nimesaini mkopo wa miaka kumi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kupakia. Katoni ishirini zilikuwa zimepangwa mlangoni zikingoja gari. Wazee walikuwa wanakula muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, na Mzee Nzuki akaniita tucheze moja ya haraka. Nilicheza vizuri kuliko siku zote. Tulikulana, ndovu kwa ndovu, twiga kwa twiga, hadi wazee wakaacha kuongea. Mwishowe mimi nilibaki na simba mweusi peke yake. Yeye alikuwa na simba wake mweupe, yuko mbali kwenye kona, na kanga mmoja ukingoni mwa ubao, amebakisha hatua tatu afike mwisho ageuke chui. Mimi ningemkimbiza kanga kwa simba wangu. Mzee aliangalia kidogo tu. Zamu ilikuwa yake.

"Umecheza, kamwana," akaniambia. Hivyo ndivyo Kikamba kinavyomwita kijana mdogo, na aliposema yeye lilikuwa neno la upendo. "Lakini simba wako atachelewa hatua moja."

Nikahesabu. Kweli. Hatua moja.

Mlangoni dereva wa gari akamwita aje asaini karatasi. Akageuza mabega, si zaidi ya hivyo, akachukua kalamu, akaandika juu ya goti. Na mimi nikamsogeza simba mraba mmoja kando, upande wa kanga. Sikufikiri. Wala nisikudanganye kwamba kuna shetani aliyenisukuma. Mkono ulienda wenyewe, kama mkono wa baba unavyoenda kwenye ndovu. Pale simba alipokuwa amesimama palibaki alama safi ya mviringo kwenye vumbi, nikaipitishia shati.

Nilipoinua macho, baba alikuwa ameshika kijiko karibu na mdomo na hakuwa anakula.

Mzee Nzuki akarudi ubaoni. Akanyoosha mkono kwa kanga, halafu mkono ukasimama hewani. Akaangalia. Akaweka kidole juu ya mraba ule niliokuwa nimeufuta, akakiinua, akasugua vumbi kati ya vidole viwili.

"Huyu simba alikuwa hapa," akasema polepole. Hakuwa ananishtaki. Aliuliza kama mtu aliyeamka kwenye nyumba isiyo yake. Halafu akamgeukia baba, maana baba ndiye aliyekuwa karibu. "Wewe ulikuwa unaangalia. Alikuwa hapa, ama alikuwa pale?"

Baba akaweka kijiko kando ya sahani.

"Alikuwa pale pale alipo," akasema.

Sijui kama aliona. Nimekaa na hilo swali miaka yote, na baba nilimzika bila kumuuliza. Inawezekana alikuwa anawaza muthokoi wake. Inawezekana.

Mzee Nzuki akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa na daktari kitu alichokuwa anakitarajia. Akasogeza kanga. Nikasogeza simba. Kanga, simba. Kanga akafika mwisho, akageuka chui, na simba wangu akamla papo hapo. Wakabaki simba wawili, na simba wawili hawawezi kumalizana. "Droo," Mzee akasema, akanipa mkono kama anavyompa mtu mzima, na wazee wakaruka. Mtu wa twiga alinibeba mabegani. Nilipigiwa kelele sokoni kote, na nakumbuka nikiwa huko juu, kichwa kinagusa mabati, nikimtafuta Mzee Nzuki kwa macho nione kama amefurahi.

Alikuwa mlangoni na zile katoni. Alifungua moja ambayo alikuwa ameshaifunga, akapitisha mkono, akaifunga. Akaifungua tena. Safari hii akahesabu kwa kidole, midomo ikitembea. Dereva akapiga honi. Akafungua ya pili. Alipofika ya tatu aliacha, akasimama, akafungua mkanda, akatoa funguo na kuziweka mezani.

Niliteremka mabegani mwa mtu na nikaenda kuzichukua. Ninaandika hili kwa aibu. Nilinyoosha mkono mbele ya watu wote kuchukua funguo, nikijua ni zangu. Mzee Nzuki aliushika mkono wangu, akaurudisha taratibu.

"Hizi si za mchezo, mwana wakwa," akasema. "Baki na shule."

Mwisho wa mwezi ule aliondoka. Wachongaji walimchangia pesa kidogo, mnunuzi akampa mshahara wake wa mwisho, na akahamia Ekalakala kwenye shamba la mkewe, mbali na mahesabu ya watu. Na funguo zilienda wapi? Wazee walikaa, wakasema mtoto aliyemshika Nzuki amepata kichwa mahali, na kichwa hicho lazima kimetoka kwa baba yake. Wakampa baba. Mtu ambaye hakuwa anajua kusoma maandishi ya katoni. Hatukurudishiwa katoni nyingi kwa sababu mimi ndiye nilikuwa namkagulia, kwanza jioni, halafu na asubuhi, hadi shule ikawa mahali pa kupita tu. Kifua chake kilipona. Alivaa shati. Tulikula nyama Jumapili. Na alipopata mshahara wa mwaka wa pili aliniachia pesa ya mkokoteni, na huo mkokoteni ndio ulizaa lori la kwanza, na lori likazaa duka. Katika harambee nimekuwa nikisema mkokoteni niliununua kwa jasho langu. Watu wanapenda kusikia hivyo.

Kuhusu Mzee Nzuki, nilijiambia aliona haya kushikwa na mtoto. Kwa miaka mingi niliichukulia ile haya yake kama medali yangu. Nilipokua na nikaelewa maana ya yale maneno yake ya funguo, nilijiambia kwamba mzee kama yule lazima alishakufa, na mtu aliyekufa hana unachoweza kumfanyia. Ni hesabu rahisi. Nimefanya ngumu zaidi ya hiyo.

Kwenye gari, siku ya wazazi, Mwende aliniambia mengine. Kwamba baba yake husema mimi ndiye niliyemwonyesha ugonjwa wake mapema, kabla hajaharibia watu kazi, na kwamba Mungu alitumia mtoto. Kwamba wamekuwa wakiungoja huo ugonjwa tangu wakati huo. Kanisa lilimtaka awe mweka hazina, akakataa. Hakuwahi kwenda sokoni peke yake. Hakuwahi kukubali kuachiwa mjukuu, hata aliyelala, hata kwa muda wa kuchota maji, asije akasahau ameachiwa. Nikamuuliza Mwende ugonjwa ulianza lini hasa. Akaniangalia kama nimeuliza jambo la ajabu.

"Haujaanza," akasema. "Tunashukuru Mungu. Ana miaka tisini na moja."

Nilikaa wiki mbili. Halafu nikatoa benki shilingi laki tano, noti mpya za elfu, nikaziweka kwenye bahasha ya kaki, nikaendesha mwenyewe hadi Ekalakala. Sikutaka dereva asikie.

Nilimkuta chini ya ukuta wa nyumba, upande wenye kivuli, ungo magotini, anachagua ndengu za mbegu. Joto la kule unalijua, na yeye alikuwa amevaa koti. Mwende aliniwekea kiti, akamwambia mgeni ni nani. Mzee akaweka ungo chini, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniuliza kama baba aliondoka kwa amani. Akaniita kamwana. Mimi, na tumbo hili.

Kwenye mfuko wa ndani wa koti kulikuwa na karatasi iliyoshonewa kwa uzi. Niliiona alipoinama. Mwende aliona nikiangalia, akaeleza kama mtu anayeeleza kawaida ya nyumba: ni jina lake na jina la mahali, ili akipotea kama ndugu yake watu wajue pa kumrudisha. Yeye ndiye huiandika upya ikichakaa. Ya kwanza aliiandika akiwa msichana.

Nikasema. Sikupitia kona. Nilimwambia nilimsogeza simba wakati anasaini karatasi ya dereva.

Kuku walikuwa wanaparua. Kisha Mzee akauliza, "Alikuwa mraba wa tano kutoka ukingoni. Wewe ukampeleka wa nne?"

Mimi mwenyewe sikukumbuka mraba. Nilikumbuka mkono tu. Nikasema nadhani ni hivyo.

"Ni hivyo," akasema. "Wa tano. Nilikuwa nimehesabu." Akaangalia mikono yake. "Kwa hivyo kilikuwa kizima."

Hakuna aliyeuliza nini kilikuwa kizima. Mwende alikuwa amesimama. Hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Alisema, akiniangalia, kwamba mtoto wake wa kwanza aliishi miezi mitano, na baba yake hakuwahi kumbeba.

"Mwende," mzee akasema. "Ketisha moyo." Halafu akanigeukia. "Baba yako aliona?"

"Sijui, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa, akaliacha hapo. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikatoa bahasha, nikaiweka juu ya ungo kwa mikono miwili, nikamwambia ni laki tano, na kama haitoshi niko na uwezo wa kuongeza, asione haya kutaja. Nilijisikia nikisema hayo kwa ile sauti yangu ya harambee.

"Ni za nini?"

"Za kuomba msamaha, Mzee."

"Msamaha nitauangalia," akasema. "Sijui utachukua muda gani, na mimi sina mwingi. Lakini mshahara wangu naujua."

Akafumba macho. Midomo haikutembea. Alisema mshahara ulikuwa mia nane na hamsini kwa mwezi, na baba yangu alipewa huo huo, hawakuongeza. Yeye aliondoka mwisho wa mwezi wa tatu, na banda lilifungwa mwisho wa mwezi wa nne baada ya miaka mitano, kwa hivyo ni miezi sitini na mmoja. Atoe miezi miwili aliyougua taifodi mwaka wa pili huku Ekalakala, kwa sababu hangefanya kazi hiyo miezi, na hawezi kulipwa kazi asiyofanya. Atoe pia mia tatu walizomchangia wachongaji wakijua anaondoka mgonjwa, maana hakuwa mgonjwa. Akafungua macho, akataja jibu. Nikatoa simu, nikapiga ile hesabu kwenye kikokotoo, chini ya kiti asione. Ilikuwa sawa hadi shilingi.

Nikamwomba achukue zote. Nilimwomba kweli, hata nikamgeukia Mwende anisaidie, na Mwende akaangalia upande wa shamba. Mzee alitoa noti hamsini moja moja, akanirudishia bahasha, akamtuma binti yake ndani alete chenji, mia na hamsini, na hakuniruhusu kuinuka hadi niipokee mkononi. Sina shamba nililonunua bei hiyo, wala gari, na nikiwa na wenzangu huwa sitaji pesa ndogo. Hii nataja. Ni shilingi elfu arobaini na tisa, mia nane na hamsini.